Mwadi Mabika katoka Kinshasa akabeba WNBA mara mbili. Mabinti zetu wa Dodoma wanakwama wapi?

Mjomba wa Ilazo
Wakuu, salaam.

Nina mpwa wangu, binti wa dada, yuko kidato cha tatu hapa Dodoma. Amefika sentimita 183 na bado viatu vinambana kila muhula. Anacheza kikapu shuleni, jioni anaenda viwanja vya Chinangali kujichanganya na wavulana. Wiki iliyopita kocha mmoja kaniita pembeni, kaniambia huyu mtoto msimrudishe netiboli, huyu ni wa kulipwa. Nimemfikishia dada, kasikia neno "kulipwa" kacheka mpaka akaacha kuchambua mchicha.

Nikaanza kuchimba. Nimekutana na habari za mama mmoja anaitwa Mwadi Mabika. Kazaliwa Kinshasa 1976. Kacheza Olimpiki ya Atlanta 1996 na timu ya Zaire. Mwaka uliofuata WNBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya wanawake kule Marekani, inaanza kuchezwa, yumo Los Angeles Sparks. Na hakuwa msindikizaji: ubingwa 2001, ubingwa tena 2002, na msimu huo wa pili wastani wake ulikuwa karibu pointi 17 kwa mchezo, kwenye timu yenye nyota Lisa Leslie ndani. Ligi hiyo kaichezea hadi 2008. Urefu wake mita 1.80. Mpwa wangu kamzidi!

Swali langu: Kinshasa ya miaka ile ilikuwa na tabu kuliko Dodoma ya leo. Yeye kapita mlango gani ambao sisi hatuuoni? Na je, hii ni kazi ya kumshauri mtoto wa watu, au tunampotezea mitihani?

Nawasilisha.

Karanga Mbichi
Nimekaa pale na karanga zangu. Ngoja waje wajuzi.

Mnyampaa Asilia
Mgogo mwenye sentimita 183? Huyo mlimpima kasimama juu ya kichuguu. Mleteni Singida apimwe upya kwa futi ya fundi seremala.

Nikiacha utani, jibu ni mbegu. Wenzetu wa Senegal, Mali na Sudan Kusini wamerefuka. Sisi kanda ya kati tumeumbwa kulima alizeti na kukimbia. Ndiyo maana Singida inatoa wanariadha na haitoi wacheza kikapu. Mwisho wa uzi.

Namba Sita Mgongoni
@Mnyampaa Asilia mbegu gani? Shannon Bobbitt kaingia Sparks hao hao mwaka 2008 akiwa na mita 1.57. Moja nukta hamsini na saba! Hapo sokoni Majengo wauza nyanya wengi wanamzidi. Kazi yake ilikuwa kupandisha mpira na kuwasumbua warefu, basi.

Na mrefu kuliko Watanzania wote tuliowahi kuwaona, Hasheem Thabeet, ni wa huku huku. Mwaka 2009, timu za NBA, ligi ya wanaume ya Marekani, zilipogawana wachezaji wapya, kachaguliwa namba 2, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry wa 7. Urefu tunao. Tafuteni sababu nyingine.

Mnyampaa Asilia
Na huyo Hasheem wako kaishia wapi? Harden na Curry wako wapi? Urefu bila kitu kingine ni mzigo wa kununua suruali.

Namba Sita Mgongoni
Sasa unabadilisha goli. Dakika mbili zilizopita urefu ndio ulikuwa jibu.

Mzee wa Reli
Vijana, mleta mada kauliza mlango. Mlango wa Mabika haukuwa wa peke yake. Zaire ilikuwa bingwa wa Afrika kwa wanawake 1983, ikarudia 1986, ikarudia tena 1994. Huo ubingwa wa 1994 ndio uliowapa tiketi ya Atlanta. Kule Atlanta walifungwa mechi zote wakashika mkia, lakini walionekana. Mwaka uliofuata Wamarekani wanaanzisha ligi na wanatafuta watu.

Kwa hiyo msiseme "binti mmoja katoka Kinshasa". Nyuma yake kuna timu ya taifa yenye zaidi ya miaka kumi ya kushinda. Sisi timu ya taifa ya wanawake ya kikapu imecheza lini mashindano makubwa ukatangaziwa redioni?

Mwl wa Zamu
Mzee wa Reli kagusa mshipa, naomba nimalizie. Nimefundisha sekondari tatu tofauti za mkoa huu na nimesimamia michezo kote.

Adui wa kikapu cha wanawake Tanzania ni netiboli. Msinishike vibaya, naipenda netiboli, mke wangu alikuwa GK, mlinda goli. Lakini angalieni: binti mrefu akifika darasa la tano, mwalimu wa kwanza kumwona ni wa netiboli. Uwanja wa netiboli ni chokaa na nguzo mbili. Uwanja wa kikapu unataka zege, ubao, ringi la chuma na mtu wa kuchomelea likilegea. Mpaka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, binti keshafundishwa miaka mitano kwamba ukishika mpira usitembee nao na usimguse mwenzako. Ukimleta kikapu anaganda kama mtu aliyesimamishwa na trafiki. Mwili uko tayari, akili inasema filimbi italia.

Sasa tazameni mabingwa wa Afrika wa kikapu cha wanawake: Senegal mara 11, Zaire, Angola, Mali, Madagascar 1970. Kote huko Mwingereza hakutawala, na netiboli ni mchezo wa Mwingereza. Tanzania, Malawi, Uganda, Zambia, sisi ndio tuliorithishwa pete isiyo na ubao.

Karanga Mbichi
Aisee. Mwalimu kaja na faili.

Chuma cha Kikuyu
Mwalimu nakuheshimu ila nadharia yako ina tobo. Nigeria katawala nani? Mwingereza. Bingwa wa Afrika 2017, 2019, 2021, 2023 na 2025 ni nani? Nigeria, mara tano mfululizo. Paris 2024 wakawapiga Australia na Kanada, wakaingia robo fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo kwenye kikapu cha Olimpiki, wanaume wakiwemo. Netiboli haikuwazuia.

Mwl wa Zamu
@Chuma cha Kikuyu nilikuwa nakusubiri hapo hapo. Wengi wa hao dada wamezaliwa Marekani na wazazi Wanigeria. Hata kocha wao Rena Wakama, aliyepewa tuzo ya kocha bora wa mashindano yale ya Paris, ni mzaliwa wa kule. Nneka Ogwumike aliyechaguliwa namba 1 mwaka 2012 na kuwa mchezaji bora wa WNBA 2016 ni binti wa Texas. Shule za Lagos hazihusiki na makuzi yao.

Chuma cha Kikuyu
Wengi, siyo wote. Elizabeth Balogun kaondoka Nigeria akiwa msichana wa sekondari, kamalizia chuo Duke. Usikate maua ya watu.

Halafu hao waliozaliwa nje wanatusaidia kujibu swali la mleta mada. Awak Kuier wazazi wake ni wa Sudan Kusini, kazaliwa Cairo, kakulia Finland, mwaka 2021 kachaguliwa namba 2 na Dallas Wings. Damu ya kwetu Mashariki hii hii, ila kakutana na ukumbi wenye paa na kocha wa watoto. Tatizo ni mazingira. Tuache kumlaumu Mwingereza, kaondoka 1961.

Ngazi ya Tatu
Msumbiji mmewasahau, na ni jirani tunayepakana naye. Clarisse Machanguana kakulia Maputo, kaenda Old Dominion kule Virginia, kacheza fainali ya vyuo 1997 wakafungwa na Tennessee, kisha WNBA, naye akapitia Sparks. Na klabu ya reli ya Maputo, Ferroviário, mwaka 2018 kawa bingwa wa Afrika upande wa wanawake. Klabu ya RELI, Mzee wa Reli unanisoma? Hapa Dodoma tuna treni ya umeme tangu 2024 na hatuna hata ringi moja stesheni.

Mzee wa Reli
Nakusoma. Enzi zetu mashirika ya umma yalikuwa na timu, ukicheza vizuri unapata kazi, nyumba na kadi ya matibabu. Mashirika yakafa, timu zikafa nayo. Leo waliobaki na mfumo huo ni majeshi, angalia JKT Stars, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wengine ni watu binafsi wanachangishana nauli.

Hesabu Kali
Tuongee hela, maana hilo ndilo alilochekea dada yake mleta mada.

Caitlin Clark, namba 1 wa 2024, binti aliyejaza viwanja nchi nzima, mshahara wake wa mwaka wa kwanza WNBA ulikuwa dola 76,535. Ukipiga kwa 2,500 ni kama milioni 191 za kwetu. Mwaka huo huo mshahara wa juu kabisa wa ligi ulikuwa dola 241,984. Kwa upande wa wanaume, Wembanyama namba 1 wa 2023 kaanza na zaidi ya milioni 12. Za dola.

Halafu nafasi. Mwaka 2024 timu zilikuwa 12, kila moja wachezaji wasiozidi 12. Watu 144 dunia nzima. Golden State waliongezeka 2025, Toronto na Portland walipangiwa kuanza 2026, bado ni kama ukumbi mmoja wa harusi. Binti wa Ilazo anashindana na dunia nzima kupata kiti kwenye ukumbi huo.

Mama Wawili
@Hesabu Kali milioni 191 kwa mwaka wewe unaziita ndogo? Mimi nauza chakula Mtumba kwa watu wa wizara, nipe hata robo yake niache kuamka saa kumi.

Hesabu Kali
Hahaha mama, sisemi ndogo kwako. Nasema ni ndogo kwa mwenye kipaji cha aina ile. Ndiyo maana mchezo wa kulipwa wa wanawake haukai sehemu moja. WNBA inaanza Mei inaisha Oktoba. Baridi ikiingia wanaenda Uturuki, Italia, Hispania, China, Australia. Kwa miaka mingi wengi wamekula hela ndefu zaidi huko kuliko nyumbani kwao. Diana Taurasi, nyota wa Marekani, mwaka 2015 hakucheza WNBA kabisa, timu yake ya Urusi, UMMC Ekaterinburg, ilimlipa apumzike.

Chuma cha Kikuyu
Na Urusi hiyo hiyo ndiko Brittney Griner, mchezaji mwingine wa WNBA, alikokamatwa Februari 2022 uwanja wa ndege akirudi kwenye timu hiyo hiyo ya Ekaterinburg. Katoka Desemba kwa kubadilishana na muuza silaha. Mwambie na hilo dada yake mleta mada.

Mnyampaa Asilia
Kabadilishwa na muuza silaha! Mimi nikikamatwa nitabadilishwa na gunia la alizeti, tena la mashudu.

Hesabu Kali
Kuna mabadiliko lakini. Ndege za kukodi za ligi nzima zimeanza 2024, kabla ya hapo walipanda ndege za kawaida wamejikunja na magoti yao. Mkataba wa televisheni wa dola bilioni 2.2 kwa miaka 11 ni wa kuanzia 2026. Oktoba 2024 wachezaji walijitoa kwenye mkataba wao wa pamoja wa zamani, na mechi ya nyota ya 2025 walipasha misuli wamevaa fulana za kuwadai waajiri walipe wanachodaiwa. Kwa hiyo binti wa kidato cha tatu leo, akifika, atakuta meza nyingine.

Goti la Kushoto
Nimesoma kimya tangu juzi, ngoja niseme la kwangu.

Mimi nilikuwa huyo mpwa. Mrefu, kanda hii hii, timu ya mkoa, kila mtu ananiambia utafika mbali. Mechi moja mchana wa jua kali, uwanja wa saruji uliopasuka, nimeruka kuchukua ribaundi, mpira uliokosa ringi, hakuna aliyenigusa. Nimetua, goti likaingia ndani, nikasikia "ko". Hapakuwa na barafu. Kocha kakimbilia kwa mama aliyekuwa anauza barafu za ubuyu nje ya geti, kanunua zote kwenye lile sanduku lake la barafu, wakanifunga nazo kwa kitenge. Ile rangi nyekundu ikawa inayeyuka inateremka mpaka kwenye soksi nyeupe, watu wa mbali wakadhani nimechanika, wakaanza kulia. Mimi nacheka na kulia pamoja.

Hakuna aliyejua ni kano ya ndani ya goti imekatika. Nilichuliwa, nikakandwa, nikarudi uwanjani mapema, likaenda tena. Hapo ndipo ndoto ilipoishia. Sasa hivi ni mtumishi, natembea vizuri, ngazi za ghorofa ya nne nazipanda kwa adabu.

Kwa hiyo mleta mada, kabla ya kumtafutia Marekani, mtafutie mtu wa kumfundisha KUTUA.

Kaka wa Tiba
Pole sana dada. Na unachosema ni kweli tupu. Wanawake wanakatika kano hiyo ya ndani ya goti, ile ya upande wa mbele, mara kadhaa zaidi ya wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla. Wengine wanasema ni upana wa nyonga unaofanya goti liingie ndani, wengine homoni, wengine misuli ya nyuma ya paja kuzidiwa nguvu na ya mbele. Bado wanabishana. Kisichobishaniwa sana ni kwamba mazoezi ya kama robo saa kabla ya kuanza, kuruka na kutua goti limekunjwa na limeelekea kidole, yanapunguza ajali. Hayahitaji vifaa.

Chuma cha Kikuyu
Saruji nayo msiisahau. Mbao zinanepa, saruji hainepi. Ukimruhusu binti arukeruke kwenye zege miaka sita, unategemea nini?

Kaka wa Tiba
Saruji inaumiza visigino, miguu na mgongo polepole. Ila kano ya goti inakatika sana hata kwenye kumbi za mbao huko kwao, maana kiatu kinashika sakafu na mwili unaendelea kugeuka. Usiitwishe saruji mzigo wote.

Goti la Kushoto
Saruji yangu ilikuwa na ufa unaoingia kidole. Naomba niitwishe tu.

Binti Kondoa
Jambo moja hamjaligusa kwa kuwa wengi hamlioni. Kwetu Kondoa mabinti wengi wanaacha wakivunja ungo, siyo kwa netiboli wala goti. Ni mavazi. Mzazi anauliza atavaa nini, mwalimu anajibu bukta, mazungumzo yanaishia hapo.

Mpaka 2017 hata FIBA wenyewe, shirikisho la kikapu la dunia, walikuwa wanakataza kufunika kichwa. Bilqis Abdul-Qaadir, Mmarekani, rekodi ya pointi za sekondari jimbo zima la Massachusetts ni yake, kacheza chuo na hijabu yake, alipotaka kwenda kulipwa Ulaya akakuta sheria hiyo. Ilipofutwa muda wake ulishapita. Sasa hivi sheria inaruhusu, suruali za kubana na mikono mirefu zipo, lakini walimu wetu wengi wanaendesha michezo kama bado ni 2016.

Mwl wa Zamu
Dada umenifungua. Kesho naliulizia ofisini kwa afisa michezo. Shuleni kwetu wanavaa wanavyotaka lakini hakuna aliyewaandikia wazazi kuwaambia.

Mnyampaa Asilia
Mwalimu, kwa hiyo netiboli imeachiwa huru?

Mwl wa Zamu
Iko nje kwa dhamana.

Ngazi ya Tatu
Tahadhari kwa mleta mada. Watakuja watu wenye suti wakwambie wana "skolashipu ya kikapu Marekani". Mdogo wangu aliwahi kutolewa hela ya fomu, hela ya video, hela ya "kumhifadhia nafasi", mwishoni namba haipatikani. Chuo kinachomtaka mchezaji kinamlipia, hakimdai. Kocha wa chuo atataka video ya mechi nzima, siyo vipande vya madoido, na atataka vyeti. VYETI. Anayefeli kidato cha nne hata awe na mita mbili, haingii.

Namba Sita Mgongoni
Naongezea kwenye njia zenyewe. Kwa utaratibu uliokuwepo, binti wa nje ya Marekani ambaye hajasoma chuo chao anaruhusiwa kuchaguliwa WNBA mwaka anaofikisha 20. Akienda kusoma chuo chao anahesabiwa kama wao, anasubiri mpaka 22 au amalize. Na kuchaguliwa siyo kupata kazi. Kuna wanaochaguliwa Aprili, Mei wanakatwa kambini kabla ligi haijaanza.

Kwa hiyo "kulipwa" kwa wengi maana yake ni Ulaya ya daraja la pili, Misri, au klabu za huku Afrika. Siyo lazima iwe Los Angeles.

Mzee wa Reli
Au JKT. Mnaidharau lakini binti akicheza vizuri akapata ajira ya jeshi, hiyo nayo ni kulipwa kwa mpira. Mshahara unaingia hata goti likikatika. Griner hakuwa na uhakika huo.

Goti la Kushoto
Mzee hapo umesema. Ningeajiriwa kabla ya ile ribaundi.

Chuma cha Kikuyu
Sikubali. Huyo atakuwa askari anayecheza kikapu. Zoezi likiitwa anaenda zoezini, ligi ikiisha anashika lindo. Mabika alikuwa anaamka anafanya kikapu, analala anaota kikapu. Ndiyo tofauti.

Mzee wa Reli
Kaota kikapu, Houston Comets aliyochezea 2008 mwaka huo huo ikafungwa. Mabingwa mara nne za mwanzo, 1997 hadi 2000, wakafunga duka. Jeshi halifungi duka.

Karanga Mbichi
Mzee wa Reli leo hapoi.

Mama Wawili
Mimi nauliza kama mama. Mtoto akibeba mimba huko inakuwaje? Maana ndilo dada yake mleta mada analiwaza na haandiki.

Hesabu Kali
Mama, Sheryl Swoopes, mmoja wa wachezaji wa kwanza kabisa kusainiwa, alikosa mwanzo wa ligi 1997 kwa kuwa alikuwa anajifungua. Karudi mtoto ana wiki chache tu, na ubingwa wakachukua. Candace Parker kazaa Mei 2009 na msimu huo huo karudi. Mwanzoni mjamzito alilipwa nusu, mkataba wa 2020 ukaweka mshahara kamili. Siyo peponi, ila siyo kufukuzwa.

Mama Wawili
Wiki chache! Huyo nani alikuwa anamwogesha mtoto?

Fundi Ringi
Jamani mnaongea Houston, mimi niongelee Chinangali. Mnaujua upepo wa Dodoma kuanzia Juni? Nimeona mtupo wa pointi tatu unaondoka vizuri, katikati ya safari unabadili mawazo. Vijana wa huku wanatupa chini chini, mtupo wa bapa, wanakwepa upepo. Wakienda Dar kwenye ukumbi wanagonga ringi tu. Binti akijifunza kutupa kwenye upepo wetu, mkono unakua vibaya.

Halafu mpira. Nimeangalia mabinti wengi hapa wanachezea namba 7, wa wanaume. Wa wanawake ni namba 6, mdogo na mwepesi, FIBA wamehamia huko tangu 2004. Binti wa miaka 14 na namba 7 anatupa kwa mabega yote mawili kama anarusha ndoo ya maji. Tena mipira yenyewe imeota upara, haina zile nundu, kidole hakishiki kitu.

Mjomba wa Ilazo
Fundi Ringi hapo umenigusa, maana mpira wake ni namba 7, nilinunua mwenyewe bila kujua. Namba 6 Dodoma inapatikana wapi? Maduka ya barabara ya sita nimeuliza, wananipa wa miguu.

Wakuu nawashukuru. Nimemsomea dada baadhi ya michango. La jeshi kalipenda. La Griner limemtisha, na la Swoopes kaligunia. La vyeti kalishika, jana kamficha mtoto viatu vya kikapu mpaka amalize mazoezi ya hesabu. Mpwa kacheza na raba za shule.

Goti la Kushoto
Asicheze na raba za shule! Mrudishie viatu. Mfiche simu. Jumamosi asubuhi nitakuwepo Chinangali, mlete nimfundishe kutua, bure.

Fundi Ringi
Mpira namba 6 agiza Dar, upakiwe kwenye basi. Mwambie muuzaji autoe upepo kidogo akiutuma, wasiuminye na mizigo. Na usikubali wa plastiki unaong'aa, gusa kwanza nundu. Nyavu ninazo, ringi la upande wa barabarani nalichomelea nikipata gesi.

Mnyampaa Asilia
Jumamosi nakuja na futi. Hiyo 183 naitaka kwa macho yangu.

Chuma cha Kikuyu
Kabla hamjaondoka, nina deni na Mwalimu. Misri bingwa wa Afrika wa wanawake 1966 na 1968. Na Misri nako alikuwepo Mwingereza. Netiboli yako ilikuwa wapi?

Mwl wa Zamu
Misri shule zao hazikuendeshwa kama za kwetu, usichanganye. Nipe muda nimalize kusahihisha hii mitihani ya nusu muhula, narudi na wewe na Misri yako na Madagascar yangu.